Ndege Sita wa Bengamisa

Saa moja na nusu asubuhi Inspekta Alfani Radjabu alipanga ndege kumi na wawili juu ya meza ya maabara, sita kushoto na sita kulia, akafungua daftari lake na kuandika saa. Alikuwa na muda hadi saa kumi alasiri. Kama ripoti yake isingebadilisha hukumu, saa hiyo Hilaire Lisoki, mchunaji na mkaushaji wa ndege wa maabara hiyo, angepigwa risasi.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Tarehe 14 Aprili, miezi saba iliyopita, askari wa serikali walifika kijiji cha Bengamisa wakiwa na orodha ya majina, wakaua vijana tisa wa chama cha upinzani. Orodha hiyo ililetwa na mtu kutoka mjini siku hiyohiyo. Mwezi wa nane waasi walioitwa Wasimba waliiteka Kisangani, wakaunda mahakama yao, na mahakama ikaanza kumtafuta mtu huyo. Walipopekua maabara walikuta mbayuwayu sita waliokaushwa, kila mmoja amefungwa etiketi ya karatasi mguuni: Bengamisa, 14 Aprili 1964. Mwandiko ulikuwa wa Hilaire. Hakuna mtu mwingine wa mjini aliyeacha maandishi ya kuonyesha kwamba alikuwa Bengamisa siku ile. Hukumu haikuchukua hata dakika kumi.

Alfani alikuwa polisi wa upelelezi tangu wakati wa Wabelgiji. Wasimba walimwacha kazini kwa sababu alijua kuandika ripoti na kutia saini vibali vya mazishi, na watu wa kazi hizo mbili walikuwa wamebaki wachache. Jana alimhoji Hilaire gerezani kwa nusu saa. Hilaire alisema kwamba hajakanyaga Bengamisa mwaka huu. Ndege wote kumi na wawili walinaswa siku moja tu, tarehe 11 Januari, katika matete ya mto Tshopo. Etiketi aliziandika mwezi wa sita, kwa kikao kimoja, huku profesa, mkuu wa maabara, akimsomea tarehe.

"Sababu gani uliandika uongo?" Alfani alimwuliza.

"Muzungu alisema andika, nikaandika. Etiketi ni ya patron. Fundo tu njo yangu."

Fundo lilikuwa lake kweli. Alfani alijaribu kufungua etiketi moja kwa kucha, akashindwa. Hilaire alizaliwa Wagenia, kijiji cha wavuvi, na uzi wa etiketi aliufunga kama baba yake alivyofunga kamba za mitego ya samaki kwenye maporomoko, fundo linalokaza kila likivutwa.

Émilie Bolumbu, aliyekuwa akipiga taipu katika maabara hiyo kwa miaka minne, alisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma. Alfani alimwomba amweleze mabawa ya ndege kama angemweleza mtu asiyejua kitu. Émilie alieleza vizuri. Mbayuwayu hawa huja kutoka Ulaya mwezi wa kumi na kurudi mwezi wa tatu. Wakiwa huku, manyoya makubwa ya mabawa hunyonyoka moja baada ya jingine, kuanzia katikati ya bawa kuelekea ncha, na mengine mapya huota. Unyoya mpya hutoka ndani ya ala nyeupe, kama karatasi iliyoviringishwa. Ndege hawezi kuvuka jangwa na bahari akiwa na bawa lenye mapengo, kwa hiyo kazi hiyo lazima iishe kabla ya safari.

Alfani alichukua kioo cha kukuzia. Upande wa kushoto walikuwa ndege wa Januari. Alihesabu manyoya ya kila bawa kutoka katikati. Ndege wote sita walikuwa na unyoya wa nane katika ala. Akahamia upande wa kulia, kwa wale wa Aprili. Unyoya wa nane ulikuwa katika ala, sita kwa sita.

"Miezi mitatu," alisema, "na unyoya haukukua hata ukucha."

Alfani alimwuliza Émilie kama aliwahi kuliona jambo hilo. Alisema aliliona alipokuwa akipiga taipu majedwali. Alimwuliza kama alimwambia mtu.

"Nimwambie nani, papa inspecteur? Ni profesa alikuwa anasoma, na ni yeye alikuwa anasaini."

Ndege wa mwisho wa kulia alikuwa na pete ya alumini mguuni, nyembamba kama gamba la samaki. Chini ya kioo Alfani alisoma neno Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, na namba: K 41763. Émilie alisema pete kama hizo hufungwa huko Ulaya, na ndege akipatikana, aliyempata huandika barua kwa makumbusho yaliyomfunga. Barua hiyo aliipiga taipu yeye mwenyewe. Hakumbuki tarehe, ila mvua zilikuwa bado hazijaanza. Nakala aliichoma mwezi wa nane pamoja na kila karatasi yenye anwani ya Ulaya, kama kila mtu mjini alivyofanya kwa kuwaogopa Wasimba.

"Makumbusho yalijibu?"

"Hujibu siku zote. Wanatuma kadi kwa yule aliyemshika ndege. Kwa jina lake."

Alfani aliandika hilo na kulipigia mstari.

Profesa Desmedt alikuwa ameshikiliwa hotelini pamoja na wageni wengine. Walinzi walimpa Alfani robo saa katika chumba cha kufulia nguo. Profesa alikuwa na ndevu za wiki tatu na shati lisilo na kola, lakini alizungumza kama mtu aliye nyuma ya dawati lake. Alikubali kwamba anajua Hilaire amehukumiwa. Alikubali kwamba Hilaire ni mchunaji bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Alfani alipomwuliza kuhusu manyoya ya nane, alijibu kwamba sayansi inaruhusu tofauti za mahali na mahali, na kwamba mbayuwayu wa Tshopo huchelewa kunyonyoka. Hilo ndilo aliloligundua, na ndilo lililochapishwa.

"Ulitumia ndege wangapi kuligundua?"

"Mfululizo kamili. Sita kwa kila mwezi."

"Wa Aprili walitoka Bengamisa."

"Mpango wa kazi ulisema Aprili ni Bengamisa."

"Ulikwenda na gari gani?"

"Gari la maabara," profesa alisema, kisha akasita. Akatazama ukuta. "Gari lilikuwa gereji."

"Mwezi mzima?"

Alfani alimweleza hali ilivyokuwa bila kupandisha sauti. Mwenye gereji alikimbia na karatasi zake zimeungua, kwa hiyo gari haliwezi kuthibitishwa. Nakala ya barua imeungua. Kilichobaki ni mtu mmoja anayejua kwamba ndege wa siku moja waligawanywa katika miezi miwili, na mtu huyo yuko hai na anaweza kushika kalamu. Mistari mitatu ingetosha. Akaweka karatasi na kalamu juu ya sinki.

Profesa hakuigusa karatasi. Alisema kwamba utafiti usio na Aprili haupokelewi na jarida lolote. Alisema pia kwamba akitia saini kuwa hakuwa Bengamisa, mahakama itamwuliza alikuwa wapi, na hatakuwa na shahidi. Alfani alikubali kwamba hatari hiyo ipo, akairudisha kalamu mfukoni. Walinzi walikuwa tayari wamefungua mlango.

"Mwambie Hilaire nasikitika," profesa alisema.

"Andika. Nitampelekea."

Profesa hakuandika.

Ilikuwa saa tano kasorobo Alfani alipofika mtaa wa Tshopo. Micheline, mke wa Hilaire, alikuwa nyuma ya nyumba akiponda ndizi za lituma, ugali wa ndizi, na hakuacha kuponda alipomwona. Alfani alimpa habari kwa ufupi: ndege mwenye pete, kadi kutoka Ulaya, jina la Hilaire juu yake. Kama kadi ipo na ina tarehe ya Januari, ndege huyo hakuweza kuuawa Aprili, na etiketi zote sita hazina maana.

"Hapa hakuna karatasi ya muzungu," Micheline alisema.

Alfani alirudia maelezo yake yote, kwa maneno yaleyale. Mwanamke aliendelea kuponda. Juu ya mlango wa jiko ulining'inia mtego wa samaki wa Wagenia, mrefu kama mtu, ncha yake imezibwa kwa kitambaa. Mto ulikuwa mbali na jiko hilo, na Hilaire hakuwahi kuwa mvuvi. Alfani aliutazama mtego. Micheline aliona anapotazama, akaweka mchi chini.

"Jirani yangu, Basimba balimukuta na barua ya sista wa misioni," alisema. "Barua ya kuuliza habari ya homa. Balimupeleka siku ileile. Kama unaipeleka hii, banamuua. Kama hauipeleke, banamuua vilevile. Alors, papa inspecteur, miye nifanye nini?"

Alfani alisema kwamba bila kadi kifo ni hakika, na kwa kadi si hakika. Zaidi ya hapo hakuweza kumwahidi.

Alfani alipanda juu ya kigoda, akachomoa kitambaa na kuingiza mkono kwenye ncha ya mtego. Kadi ilikuwa safi, haina hata mkunjo. Hilaire aliitunza vizuri kwa sababu ndiyo karatasi pekee kutoka nje iliyowahi kuandikwa jina lake. Alfani alisoma: Pete K 41763. Ilifungwa kwa kinda, Juni 1963. Ilipatikana na Bwana Hilaire Lisoki, mto Tshopo, 11 Januari 1964. Muhuri wa posta ulikuwa wa Machi. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, kulikuwa na jina la makumbusho na la jiji la Bruxelles.

Micheline alileta kisu cha jikoni.

"Kata hapo juu. Pale pekundu."

"Nikikata, haitakuwa ushahidi tena."

"Kama haukate," mwanamke alisema, "haitakuwa bwana yangu tena."

Alfani aliitia kadi ndani ya jalada ikiwa nzima. Alipofika barabarani alisikia mchi ukianza tena.

Meja Constant Yafali, mwenyekiti wa mahakama, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya vita. Mmoja wa wale tisa wa Bengamisa alikuwa mdogo wake, mtoto wa mama mmoja. Alimpokea Alfani saa saba kasorobo katika darasa lililobaki na madawati mawili, na alisoma ripoti yote, kurasa nne, bila kuruka mstari. Kisha alichunguza kwa kioo mabawa ya ndege ambao Alfani alikuja nao, la kushoto na la kulia, akahesabu kwa kidole. Alfani hakuwa na la kulalamika kuhusu usomaji huo.

"Umehesabu vizuri," meja alisema. "Lakini profesa pia alihesabu." Akatoa kijitabu kilichochapishwa, akafungua ukurasa wa tisa. "Anasema mbayuwayu wa Tshopo iko na unyoya wa nane katika ala mpaka mwisho wa Aprili. Imechapwa. Donc, bawa hili ni la Aprili."

"Meja, alisema hivyo kwa sababu ya ndege hawa sita. Ukurasa wa tisa umetoka kwenye etiketi. Hauwezi kuthibitisha etiketi."

"Uko na kitabu kingine cha mbayuwayu wa Tshopo?"

Hakukuwa na kingine. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwachunguza. Alfani aliona mviringo ule ulivyofungwa: etiketi ilizaa kitabu, kitabu kikaitetea etiketi, na mtu aliyekuwa katikati hakuwa na pa kutokea. Hapo akaitoa kadi.

Meja aliisoma mara mbili. Aliilinganisha na pete, namba kwa namba. Aliugeuza muhuri wa posta kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akasema kwa sauti ya mwalimu anayerudisha daftari:

"Bon. Ndege alikufa Januari. Etiketi ni ya uongo. Lisoki hakuwa Bengamisa." Akaandika hivyo kwa mkono wake pembeni ya ripoti. "Sasa niambie hii. Ndege za vita za Wabelgiji zinapita juu ya mji wetu. Na Bruxelles inamuandikia huyu mutu kwa jina lake, Bwana Lisoki, na anaficha. Ilikuwa wapi?"

Alfani aliambiwa ajibu. Alijibu kwamba ilikuwa ndani ya mtego wa samaki.

"Ndani ya mtego," meja alisema. "Mutu asiye na kosa anaficha barua ndani ya mtego?"

Alfani alieleza kwamba ni kadi ya kawaida, kwamba makumbusho hutuma maelfu ya kadi kama hiyo, kwamba mke ndiye aliyeificha, kwa hofu. Meja alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaandika mstari wa pili chini ya ule wa kwanza: Kosa la Bengamisa limefutwa. Kuwasiliana na adui: hukumu ibaki, saa ileile. Akatia muhuri na kumpa Alfani karatasi aipeleke gerezani mwenyewe, kwa kuwa kikosi cha kupiga risasi hakingemtoa mtu yeyote ambaye hukumu yake imesimamishwa kusubiri ripoti bila karatasi hiyo.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika ishirini Alfani alipoingia ofisi ya gereza. Karani, Célestin, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, na kitabu chake cha wafungwa kilikuwa kizuri kuliko kitabu chochote kilichobaki mjini: mistari iliyonyooka, wino mweusi, hakuna neno lililofutwa. Karani aliyemtangulia alichukuliwa na Wasimba kwa sababu ya mstari mmoja uliofutwa. Alfani aliomba kuona ukurasa wa leo kabla ya kukabidhi karatasi, kwa mazoea tu. Hakupokea wala kukabidhi kitu bila kusoma kitabu kwanza.

Ukurasa ulikuwa na majina manne. Mbele ya kila jina: amepigwa risasi, saa sita mchana. Jina la nne lilikuwa Lisoki, Hilaire.

Alfani alisoma tena. Kisha akauliza Lisoki aliuawa saa ngapi.

"Bado," Célestin alisema. "Iko mule ndani, cachot. Bale batatu njo balienda saa sita."

"Kitabu kinasema bane."

Célestin aliinama juu ya ukurasa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba asubuhi aliletewa majina manne kwenye karatasi moja, na kikosi kiliporudi saa sita aliandika yote pamoja, kwa mkupuo mmoja. Wa nne alikuwa amesimamishwa kwa ajili ya ripoti ya inspekta. Alisahau.

Karatasi ya meja ilikuwa ndani ya jalada, nyuma ya kadi. Alfani aliacha mkono wake juu ya jalada na hakulifungua.

"Utafuta?" aliuliza.

"Siwezi kufuta. Unajua siwezi."

"Na kikosi kikija saa kumi, utawaambia kitabu chako ni cha uongo?"

Karani aliweka kalamu chini.

"Kwa kitabu chako Lisoki amekufa," Alfani alisema. "Saa sita. Mutu aliyekufa anatoka hapa kwa kibali cha mazishi, na kibali ninasaini miye. Nimekuja kuchukua maiti."

Célestin alimtazama, akatazama ukurasa, kisha akatazama saa ya ukutani. Alichukua funguo.

Alfani alijaza kibali. Kwa miaka kumi na saba hakuwahi kutia saini karatasi ambayo hakuiamini. Jina. Umri. Sababu ya kifo. Kwenye nafasi ya saa aliandika sita mchana. Kisha akajaza etiketi ya maiti, kwa sababu walinzi wa geti hawakupitisha mkokoteni bila kuona etiketi kwenye mguu wa maiti na kuhakikisha jina linalingana na kibali.

Hilaire aliletwa uani, nyuma ya jiko la gereza, uliposimama mkokoteni wa maiti. Alikuwa amekonda, na alitembea kama mtu anayepelekwa kule alikojua. Alfani alimweleza kwa sentensi tatu. Akipita geti atalala hivyohivyo mpaka ng'ambo ya daraja la Tshopo, na usiku mke wake atamfuata kwenye barabara ya Banalia. Kuanzia leo hana jina. Hilaire alilala juu ya mbao bila kuuliza kitu. Alfani alipiga goti, akafunga etiketi kwenye kidole gumba cha mguu, lakini uzi ulimponyoka mara mbili.

Hilaire aliinua kichwa, akatazama.

"Ile fundo itatoka, inspecteur. Leta."

Aliketi, akavuta mguu wake karibu, akafungua uzi na kuufunga upya, bila haraka, kama alivyofunga maelfu. Alipomaliza aligeuza etiketi na kuisoma.

"Umeandika saa sita."

"Niliambiwa andika," Alfani alisema, "nikaandika."

Hilaire alilala tena, na Alfani akamfunika kwa mkeka, akaacha mguu mmoja nje, akausukuma mkokoteni. Getini kijana wa Simba mwenye bunduki alisimamisha mkokoteni, akachukua kibali, akashika etiketi. Aliivuta mara moja. Akaivuta mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Fundo lilikaza. Akasoma jina, akasoma saa, akafungua geti.